Taa Iliyoonekana Ubwari

Harufu ndiyo iliyonirudisha. Zuhura, mjukuu wangu, mtoto wa Asha wangu, alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, tabuleti iko juu ya mapaja, na mara pua yangu ikashika kitu: vumbi linaloungua polepole juu ya chombo kilichofanyishwa kazi kupita uwezo wake. Si moshi, si mpira. Nyinyi wa rika langu mliokulia Rumonge, ufukoni mwa ziwa, mkiisikia mtaijua palepale. Ni harufu ya karabai, ile taa ya mafuta, iliyopigwa pampu mno. Nilikuwa natoa mawe kwenye ndagala, vile visamaki vya ziwani, nikaacha, nikapiga kelele:

"Ramazani, acha! Itapasuka!"

Zuhura akainua kichwa. "Bibi, Ramazani ni nani?"

Ramazani alikuwa mdogo wake baba yangu, na kaburi lake majani yamelifunika zamani. Nikamwambia tu, hiyo kitu yako iko na homa, iweke chini.

"Haina homa, Bibi. Naijaribu."

Tabuleti yenyewe ni ya zamani, Asha aliiacha alipokwenda Uarabuni kufanya kazi katika nyumba za watu. Zuhura akanieleza, na mimi nikamsikiliza kama ninavyomsikiliza muganga wa hospitali, natingisha kichwa huku nimepotea. Ndani ya tabuleti, anasema, kuna programu moja kubwa, jina lake kerneli. Hiyo ndiyo inasimama katikati ya mashine na programu zingine zote, inazigawia kazi. Ile iliyotoka nayo kiwandani inaiambia mashine: mwisho wa mbio zako ni hapa. Lakini kuna watu huko kwenye mtandao, hakuna anayewajua sura, wanatengeneza kerneli zao, wanausogeza ule mpaka mbele. Yeye anaitoa ya kiwandani, anaweka yao, anaongeza mbio kidogo, kisha anaipa mashine kazi ngumu aone kama itasimama imara. Ikiganda, anarudi nyuma hatua moja. Isipoganda, anaongeza tena.

"Na ikiungua?"

"Haiungui, Bibi. Ikizidi moto inajizima yenyewe."

"Ndivyo alivyosema Ramazani naye."

"Bibi, huyo Ramazani alikuwa na tabuleti?"

Akacheka, mutoto huyu, na mimi nikacheka. Nikamuuliza sasa mbio hizo za nini, kuna mtu anatukimbiza? Akasema, "Wewe ukiongea na Mama, unaona nini? Vipande. Mashine hii imezeeka, haiwahi kuipanga picha." Hapo alisema kweli. Asha akipiga simu ya picha, uso wake unakatika vipande vya mraba, jicho linabaki huku, mdomo unakwenda kule, na kabla haujarudi amekwisha kuaga. Sikumbuki lini niliona paji la uso wa binti yangu likiwa zima. Nikainamia ndagala wangu, lakini mikono tu ndiyo ilikuwa kwenye ungo. Mimi mwenyewe nilikuwa katika nyumba ya baba yangu Saidi, mtaa wa Waswahili, ndani ya kile chumba chenye giza mchana.

Mama yangu aliitwa Mwamini. Alikuwa mutu wa Ubwari, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kule tunakoona milima mvua ikiisha kunyesha. Baba yake alipokufa, walikuja kumwambia kwa mtumbwi wa wachuuzi wa mihogo, akajifunga kanga mbili akaondoka nao. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa na surua. Matanga yakaisha, Mama hakurudi. Wachuuzi walikuja, wakarudi, wakaja tena, na kila wakija nilikwenda kusimama majini mpaka magotini kuangalia nani anashuka. Wakashuka watu, mihogo, mbuzi, hata kitanda kilishuka siku moja. Mama hakushuka.

Wakubwa walikuwa wanajua sababu. Mimi sikujua, na hakuna aliyeona haja ya kumweleza mutoto. Baadaye sana ndipo nilielewa kwamba Baba hakwenda kumzika mukwe wake. Ndagala walikuwa wamepanda kwa wingi wiki ile, akasema nitakwenda kesho, kesho ikawa kesho nyingine, na kaka zake Mama wakaapa: mwanaume anayewapenda samaki kuliko mukwe, basi alale na samaki. Wakamshika dada yao asivuke. Baba alikuwa anatafuta kuvuka siku ya arobaini na magunia ya ndagala wakavu, magunia ya kutosha mtu kuinamisha kichwa bila kudharauliwa. Na kama kwa makusudi, ndagala nao wakawa wametukimbia.

Kwa hiyo habari yote ikawa taa. Mnakumbuka jinsi ilivyokuwa. Mitumbwi inafungwa pamoja kwa miti, karabai zinaning'inia mbele, ndagala wanapanda kufuata mwanga na wavu unawangoja chini. Na ndagala hana urafiki. Akiona taa ya jirani inawaka kuliko yako, anakuhama bila kuaga. Kwa hiyo namna ya kutengeneza taa ilikuwa siri ya kila nyumba. Barnabé, mvuvi jirani, alikuwa na yake, Selemani wa Kizuka alikuwa na yake, na hakuna aliyeijaribu taa yake nje mbele ya macho ya watu. Ilijaribiwa mchana, ndani, mikeka imezibwa madirishani.

Baba mudogo Ramazani ndiye aliyekuwa na kichwa cha mambo hayo. Alisema karabai inapotoka kiwandani, Wazungu wanaifunga mkanda. Tundu la kupitishia mafuta wamelifanya dogo kwa uoga. Ukilipanua kiasi cha unywele, na pampu ukaiongeza, itatoa mwanga ambao hata mwenye kuitengeneza hajauona. Anapanua kidogo, anawasha, anatazama. Ikitema moto mwekundu, anajua amezidisha, anarudi nyuma kwa kubadilisha kile kichuma chenye tundu, anaanza upya.

"Ramazani," Shangazi Zaina alimwambia siku ya kwanza, amesimama mlangoni na mwiko, "hiyo taa inaita samaki ao inaita watu wa kuzika?"

"Dada, wewe pika."

"Nipike wapi? Nyumba yote inanuka mafuta ya taa. Hata ugali wa jana ulikuwa na pampu ndani."

Baba hakucheka. Siku zile hakucheka. Alikaa ameegemea ukuta, anaangalia taa kama mtu anayemngoja mgonjwa aseme neno.

Kazi yangu ilikuwa kushika mkeka wa dirishani, pale kwenye pembe iliyokuwa na mpasuko, mwanga usitoke. Na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kusuka mambo yake. Kwanza, nilimwona Ramazani akienda kwenye pazia la chumba cha Mama, akachomoa sindano yake, ile ya kushonea ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, akaitumia kupanulia lile tundu. Baba alimwona akamwacha. Nikawaza, wanatumia sindano ya Mama kwa sababu taa ni ya Mama. Pili, Ramazani alipoiwasha na chumba kikawa cheupe mpaka nikaona vumbi linatembea, alipiga kofi akasema:

"Nikiimaliza hii, hata kule Ubwari watasema jua limehamia Rumonge!"

Basi. Mngekuwa nyinyi mngefikiri nini? Mama yuko Ubwari. Taa itaonekana Ubwari. Mama amepotea njia kwa sababu kwetu ni giza, na Baba na Ramazani wanamtengenezea taa. Na inafichwa ili iwe kitu cha kumshtukiza. Nilijiona mwenye akili kuliko watoto wote wa mtaa. Kitu kimoja tu kilinisumbua: kama taa ni ya kuonekana, kwa nini mimi nashika mkeka isionekane? Nilikaa na swali hilo mikononi, nimeukamata mkeka. Kuna mara nililegeza vidole kidogo, ukatoka uzi mwembamba wa mwanga, ukapotea kwenye jua la nje. Ramazani akanipigia ukelele: "Ziba, mutoto, unataka kumlisha Barnabé?" Barnabé na Mama wanahusiana nini? Nikazidi kupotea.

Kila walipomaliza kujaribu nilikimbia ufukoni kuangalia ng'ambo. Ilikuwa kiangazi, ziwa limetulia kama mafuta ya mawese yaliyoganda asubuhi. Siku moja nikaona, juu ya mlima wa Ubwari, moshi umesimama. Moshi mrefu, mweupe chini na wa bluu juu. Nikarudi mbio.

"Shangazi, njoo uone! Mama anajibu!"

"Anajibu nini?"

"Amewasha moto!"

Shangazi Zaina akatoka, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama. Kisha akanitazama mimi, na ule ukali wake wote ukashuka chini, sijui ulikwenda wapi. Akasema polepole, "Wanachoma mashamba, mwanangu. Ni wakati wa kuchoma mashamba." Akanishika kichwa akanirudisha ndani. Mimi nikamhurumia. Nikawaza, huyu naye hajaambiwa.

Arobaini ilikuwa inakaribia. Wakubwa waliitaja kwa sauti ndogo, na kila ilipotajwa Ramazani alikwenda kuchukua taa. Siku ya mwisho aliyoijaribu, Baba alimwambia, "Imetosha, tutatoka nayo hivyo hivyo." Ramazani akasema, "Kidogo tu, kaka. Bado inaweza." Akapiga pampu. Akapiga. Ile tenki ya shaba ikaanza kuimba, sauti nyembamba kama mbu kwenye sikio. Harufu ikaja, hiyo hiyo ya vumbi linaloungua. Nikainua mkono wangu mbele ya uso na nikaona damu yangu ndani ya vidole, nyekundu, kama mkono umetengenezwa kwa maji ya maua mekundu ya ngai ngai. Sijawahi kuona tena mwanga wa namna ile. Nikasema kwa moyo, sasa anaona. Sasa hivi Mama anaona.

Kioo kikapasuka. Moto ukaruka ukashika mkeka wangu. Sikumbuki kulia. Nakumbuka Baba tu: aliikamata taa yenyewe, ile tenki, kwa mkono mtupu, akatembea nayo mpaka mlangoni. Hakuitupa ndani, maana nilikuwa kati yake na ukuta, na ilikuwa inamuunguza, na hakuiachia mpaka alipofika uani. Ndipo akaitupa kwenye mchanga. Shangazi Zaina alikuwa amekwisha kunivuta kwa nguo ya shingoni na kuukanyaga mkeka, anamtukana Ramazani kwa Kiswahili, kwa Kirundi, na kwa lugha nyingine ambayo nafikiri aliitunga siku hiyo.

Mkono wa Baba ulifunguka ngozi. Wakaupaka asali, wakaufunga kitambaa. Mtu wa mkono mmoja havuti wavu, kwa hiyo hakukuwa na ndagala, hakukuwa na gunia, hakukuwa na arobaini. Ufukoni wakamtania Ramazani mpaka akaacha kupita. Barnabé alikuwa anamwita kwa mbali, "Ramazani! Leo unapika taa ya mchuzi ao ya kukaanga?" Baba alikaa uani na mkono wake juu ya goti, anatazama ukuta. Mara moja nilimkuta Shangazi amekaa karibu naye, anamwambia, "Nenda hivyo hivyo. Nenda na mkono mtupu." Baba akasema, "Na uso je? Nitauweka wapi?"

Hakwenda. Alikuwa bado anatafuta pa kuuweka uso wake pale wachuuzi wa mihogo walipofika, na mimi siku hiyo hata sikuwa majini. Nilikuwa napeta mchele nyuma ya nyumba nikasikia uani mtu anasalimu, "Amahoro hapa?" Sauti niliijua kabla ya kujua kwamba naijua. Mama alikuwa amesimama, kanga zake zimefifia, kifurushi kiko kichwani. Hakunisalimu mimi kwanza. Alikwenda mpaka kwa Baba, akakaa chini, akaushika ule mkono uliofungwa, akaufungua kitambaa, akautazama. Baba akageuza uso pembeni. Mama akasema, "Yoo, Saidi." Basi. Maneno yote ya ile miezi, hayo ndiyo niliyoyasikia.

Kisha akanifungulia mikono. Nikaingia. Alinukia moshi. Nguo, shingo, nywele, yote moshi. Na mimi hapo sikuwa na shaka tena hata kidogo. Nikamnong'oneza:

"Mama, uliona taa yetu?"

Akaninyanyua uso. Akamtazama Ramazani, ambaye alikuwa amejibanza mlangoni kama kuku aliyenyeshewa. Akautazama mkono wa Baba. Akanirudia mimi.

"Niliona," akasema. "Ilikuwa nyeupe sana."

Nimekaa na jibu hilo maisha yangu yote. Nilipokua nilikuja kujua kwamba mchuuzi mmoja, Lukas, ndiye aliyepeleka habari Ubwari kwamba Saidi ameungua, na Mama akawaambia kaka zake mnishike kwa kamba, la sivyo ninavuka. Moshi aliounukia ulikuwa wa mashamba, au wa jikoni, au wa watu aliosafiri nao. Taa iliwaka mchana, madirisha yamezibwa, na ziwa ni pana. Hata bila mkeka wangu isingeonekana kwa Barnabé, sembuse Ubwari. Haya yote nayajua. Lakini Mama hakuwa mtu wa kudanganya watoto. Alitupiga hata kwa uongo mdogo wa kulamba sukari. Siku alipokuwa anakufa nilitaka kumuuliza, nikafungua mdomo, nikaogopa. Niliogopa atasema hakuiona, na niliogopa pia atasema tena aliiona. Nikamuuliza kama anataka maji.

Ndivyo nilivyokuwa nimekaa na ungo wa ndagala, mawe na samaki nimevichanganya upya, Zuhura aliposema, "Bibi! Imesimama! Haijaganda!" Na kabla sijajua nini kimesimama, tabuleti ikalia. Asha.

Zuhura akaniwekea mikononi. Na hapo, wenzangu, nilimwona mwanangu. Si vipande. Alikuwa mzima. Paji la uso liko pale, lina mistari miwili ambayo hakuondoka nayo. Amefunga kilemba cha kijani. Amekonda. Nyuma yake kuna ukuta mweupe na mtungi wa gesi, na alipocheka lile pengo lake la meno likacheka naye wakati uleule, halikuchelewa nyuma. Nilihisi joto la ile mashine linapanda viganjani, na ile harufu ikaja, vumbi lile lile.

"Bibi, iko moto, nipe," Zuhura akanong'ona.

Nikatingisha kichwa kukataa.

Kioo kikacheza mara moja, rangi ya kijani ikakimbia upande mmoja, kikawa cheusi. Cheusi kabisa. Ndani yake niliona kilemba changu mwenyewe na mlango nyuma yangu. Lakini sauti ilikuwa bado inakuja, safi, kama yuko chumba cha pili.

"Mama?" Asha akasema. "Hapa kwangu unaonekana vizuri sana leo. Na wewe, unaniona?"

Zuhura akanyoosha mkono aichukue, anataka kusema, anatafuta kosa liko wapi, katika mbio au katika ile kerneli ya watu asiowajua. Nikamziba mdomo kwa kiganja kimoja. Kingine kilikuwa kinaungua, sikukitoa.

"Nakuona, mwanangu," nikasema. "Umefunga kilemba cha kijani."

Nikamsikia anashusha pumzi, kule aliko, kama mtu aliyetua mzigo wa kichwani.

"Ni kweli," akasema. "Ni cha kijani."